Sindano ya Kumi na Nne

Kama umeng'atwa na mbwa leo na mtu amekupa karatasi hizi uzisome, ziweke chini kwanza. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, osha mpaka uchoke, halafu nenda hospitali. Maneno yangu hayaendi popote. Ukirudi utayakuta.

Mimi sikuosha. Nilipaka majivu nikafunga kitambaa, nikaendelea kutwanga. Kwa hiyo usidhani anayekuambia haya ni mtu mwenye akili nyingi.

Jina langu Salima, Mnyaturu wa upande wa Ikungi. Mwaka ule wa operesheni ya vijiji nilikuwa na mume, Ntandu, na mtoto wa kike wa miezi saba, Amina, na mama mkwe ambaye hakunipenda sana wala hakunichukia sana. Tulitolewa kwenye tembe yetu ya zamani, tukapakiwa kwenye lori na vyungu vyetu, tukashushwa kwenye kijiji kipya chenye nyumba za mistari kando ya barabara. Ng'ombe waliswagwa kwa miguu. Mbwa hawakupewa nafasi. Mbwa wetu aliitwa Watasema, jina alilopewa na mama mkwe kwa ajili ya jirani mmoja mmbeya. Alilikimbiza lori mpaka akachoka, akaketi katikati ya njia, akawa mdogo mdogo, tukaacha kumwona. Alibaki mahame na mbwa wenzake walioachwa, pamoja na mbweha na fisi.

Alirudi wakati wa kiangazi, uwele umeshapurwa. Ilikuwa mchana. Ntandu alikuwa anakandika ukuta kwa udongo, maana nyumba yetu ilikuwa haijaisha, na balozi wa nyumba kumi alipita kila Ijumaa kuwakemea wenye nyumba kama yetu. Mimi natwanga. Amina nilimlaza kwenye ngozi ya ng'ombe, kivulini. Nikamsikia Ntandu anacheka.

"Mama Amina, angalia nani amekuja! Watasema! Umetutafuta mpaka umetupata, bwana!"

Nikaangalia. Mbwa alikuwa amekonda, mkia ameuficha katikati ya miguu, taya limelegea na udenda unaning'inia. Ntandu alichuchumaa akamnyooshea mikono yake yenye udongo. Watasema akamrukia usoni. Hakubweka hata kidogo. Alilishika shavu la mume wangu akatikisa kichwa kama alivyozoea kutikisa panya, na Ntandu akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanamume. Alipomwachia, akaelekea kwenye ngozi alikolala Amina.

Nilikuwa na mchi mkononi. Nikasimama katikati. Akanishika shavu la mguu, meno yakazama. Nikapiga. Nilipiga kichwa, nikapiga mgongo, nikapiga mbavu, nikaendelea kupiga wakati alishakufa na damu imenirukia mpaka kwenye kanga, hadi Ntandu akaja akanishika mikono. Damu ya shavu lake ilikuwa inanidondokea begani. Amina hata hakuamka.

Jioni hiyo akapita Mkumbo. Huyu Mkumbo alikuwa Mnyiramba kutoka huko Kiomboi, mnunuzi wa kuku. Alizunguka vijiji na baiskeli yenye matenga mawili nyuma. Alikuwa mtani wetu. Wasiojua utani niwaambie: sisi na Wanyiramba tunatukanana bila kukasirika. Kukasirika ndiko kosa. Mkumbo akifika kwetu alimwamkia mama mkwe, "Wewe kizee, bado hujafa? Ng'ombe nitarithi lini?" Na mama mkwe alimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Mmeua mbwa wenu kwa njaa?" akauliza Mkumbo, akiegemeza baiskeli.

"Tumekuwekea paja," Ntandu akamjibu huku ameshika kitambaa shavuni. "Tunajua kwenu ndiyo kitoweo."

Mkumbo akachukua kijiti, akamgeuza mbwa kichwa, akatazama taya na ule udenda. Akakitupa kijiti mbali. "Huyu ana kichaa. Ntandu, kesho uende hospitali, wewe na mkeo. Usipokwenda utakufa unabweka."

Tukacheka. Majirani waliokuja kutazama mbwa wakacheka.

"Nikianza kubweka nitakung'ata wewe kwanza!" akasema Ntandu.

"Sitanii."

"Lini umewahi kutania, Mkumbo?"

Watu wakashika mbavu. Mkumbo akapandisha sauti, jasho linamtoka. "Haki ya Mungu nasema kweli! Mjomba wangu alikufa hivyo, nilimwona kwa macho yangu!"

"Mjomba wako alikufa kwa pombe," nikamwambia. "Singida nzima inajua."

Hilo nilisema mimi. Watu walicheka mpaka machozi, na mimi nikafurahi kwamba nimemweza Mnyiramba. Mtani ana maneno yote ya dunia isipokuwa neno la kweli. Akiapa, anatania. Akikuambia utakufa, hiyo ndiyo salamu yake. Mkumbo alisimama pale kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba, akapanda baiskeli yake akaondoka bila kununua hata kuku mmoja.

Akarudi baada ya wiki. Safari hii hakutukana mtu. Aliilaza baiskeli chini, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe aliyekuwa anapepeta, akainama mpaka mikono ikagusa magoti.

"Shikamoo, mama."

Ungo ulimtoka mama mkwe mikononi. Miaka yote hiyo Mkumbo alikuwa hajawahi kumwamkia shikamoo. "Marahaba," akasema.

"Mama, naomba uniruhusu niwapeleke watoto wako hospitali. Nakuomba."

Hapo ndipo hofu iliponiingia, hapo na si siku ile ya damu. Nikasema nakwenda. Lakini Ntandu alikuwa juu ya ukuta anapanga miti ya paa, na kidonda chake kilikuwa kimeshafunga, kinamwasha tu. "Ijumaa balozi anakuja," akasema. "Nimalize paa, nitakufuata. Tangulia wewe mwenye mguu mbovu. Mtoto abaki na mama."

"Twende leo, Baba Amina."

"Nimesema nitakuja! Mbona unakuwa king'ang'anizi?"

Nilikasirika. Nikapanda nyuma ya baiskeli, matenga yameachwa kwetu, nikaondoka bila kumuaga vizuri. Mpaka leo nikikumbuka nasikia uchungu.

Daktari wa hospitali ya mjini alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kusema polepole. Alinieleza mara moja tu, na maneno yake nimeyashika. Alisema ndani ya udenda wa yule mbwa mlikuwa na kitu kidogo mno, hakina mdomo wala miguu, hata kula hakili. Kikiwa peke yake ni kama kimekufa. Kinangoja kuingia kwenye chembe hai ya mwili wako. Kikishaingia, hiyo chembe inaacha kazi zake na kuanza kukitengenezea wenzake. Kisha wanapanda kwa mishipa ya fahamu, polepole, kutoka kwenye kidonda kwenda kwenye ubongo.

"Na dawa ya kukiua?" nikauliza.

"Kikishafika kichwani, hakuna. Dunia nzima wataalamu wanaitafuta, hawajaipata."

"Sasa sindano za nini?"

"Za kuuamsha mwili wako ukizuie njiani. Tunashindana nacho mbio, mama. Umechelewa, lakini wewe kimekuingilia mguuni. Kuna safari."

Nikasema mume wangu ameng'atwa shavuni. Daktari akanipimia kwa vidole vyake, kutoka shavuni mwake mpaka kichwani. Vilikuwa vidole vinne.

Nikatoka mbio mpaka getini, nikamkuta Mkumbo anajaza upepo. "Mwambie Ntandu aje leo. Leo leo! Mwambie daktari amesema." Akaenda. Kesho yake akarudi kichwa chini. Ntandu alikuwa amemjibu, "Mwambie Salima asimtume Mnyiramba kunitisha."

Nilimtuma mtani kupeleka neno la kufa na kupona. Watu wote waliojaa kwenye yale mabenchi, na mimi nikamtuma mtani! Na bado akili haikunifunguka. Nilimtuma tena, na tena akachekwa.

Sindano zilikuwa kumi na nne, moja kila siku, tumboni, kuzunguka kitovu. Zilikaa kwenye friji la mafuta ya taa, zilikuwa baridi, na sindano yenyewe ndefu. Nesi alikuwa Mgogo wa Manyoni, mnene, mwenye mikono ya moto. "Usiniangalie mimi, tazama dirisha," aliniambia kila siku, na kabla ya kuchoma aliweka kiganja chake tumboni kwanza, apashe. Hicho kiganja nilikingoja kuliko chakula. Ilipofika sindano ya tano tumbo lilikuwa na uvimbe kama mayai ya kanga yaliyopangwa. Sikuweza kufunga kanga kiunoni, wala kucheka. Kukohoa nako nilikuogopa.

Na maziwa! Hakuna aliyenikataza kunyonyesha. Niliogopa mwenyewe, nikashukuru kwamba mtoto yuko mbali, na papo hapo nikamlilia. Matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe. Nilikwenda nyuma ya jengo kila asubuhi nikayakamua mchangani, mchwa wakaja, nikalia kwa sauti. Kwenye benchi la kungojea wagonjwa walisogea mbali nami. "Ndiye yule wa mbwa," walisema. Siku moja nikawabwekea. Kweli kabisa, nilibweka, wakakimbia, nikapata benchi zima peke yangu. Nesi alinigombeza huku akiuma mdomo asicheke.

Siku ya sindano ya nane mwalimu wa kijiji chetu alikuja kung'olewa jino. Nilipomwona tu ndipo nikaelewa upumbavu wangu. Nikamshika shati. "Mwalimu, mwambie mume wangu. Wewe atakuamini." Na kweli, Ntandu alimwamini mara moja. Nilisimuliwa baadaye kwamba alisikiliza mpaka mwisho, akashuka ukutani na paa likiwa limebaki kidogo. Akakunja shati lake jeupe tayari kwa safari. Asubuhi alipotaka kunywa maji kabla ya kuondoka, koo likakataa.

Walimleta siku ya sindano ya kumi na moja, kwenye mkokoteni wa ng'ombe, amefungwa kamba za katani mikono na miguu. Alikuwa amempiga baba yake mdogo akamvunja meno mawili, na amejiuma ulimi. Walimweka chumba cha peke yake. Daktari aliniita pembeni akaniambia watampa dawa ya kumtuliza tu. Nikamwambia amchome zile zangu zilizobaki. Nikavua kanga nikamwonyesha tumbo. "Mimi hizi zimenitosha! Mpe yeye!" Akatikisa kichwa. Nikampiga daktari kifuani kwa ngumi zote mbili, na yule mtu aliniacha nipige.

Singida upepo haukosi. Ukipita dirishani na kumgusa usoni, Ntandu alijikunja mgongo mpaka kitanda kikaruka, shingo imekakamaa, povu linatoka, sauti inayotoka si ya mtu. Tulipigilia blanketi dirishani. Baina ya vishindo hivyo alikuwa yeye mwenyewe kabisa, na hilo ndilo lililoniua. Alinitambua. Aliuliza habari za Amina.

"Salima, nipe maji. Nina kiu, mke wangu."

Nikaleta maji kwenye bakuli. Alipoyaona tu, koo likaanza kuruka, macho yakamtoka, akakipiga kichwa ukutani, akapiga, akapiga, wanaume wanne wamemkalia, bakuli limepasuka na mimi niko chini. Alipotulia, damu inamtoka puani, alilia kama mtoto. "Niwie radhi," aliniambia. "Mkumbo alisema." Baada ya hapo hakuomba tena maji.

Alikufa siku ya tatu, asubuhi. Mkumbo alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje. Nilimwendea nikampiga kofi, nikampiga la pili. "Kwa nini hukusema vizuri? Kwa nini hukusema kama watu?" Kamasi na machozi vinamtoka, na hakuinua mkono kujikinga. Alikuwa amesema. Nilijua kwamba alikuwa amesema.

Nesi akaja akanishika mkono. "Ya kumi na tatu, mama. Twende."

"Mume wangu amelala pale hajafunikwa!"

"Atafunikwa. Wewe vua."

Akaweka kiganja chake tumboni, akanichoma.

Kijijini tulifika mchana na maiti. Mama mkwe alinipokea mlangoni, macho mekundu, na Amina mgongoni. Hakunipa mtoto. Nilipomwambia kwamba kesho lazima nirudi kuchomwa ya mwisho, alinikamata mabega akanisukuma ndani.

"Umemwacha mwanangu juu ya paa ukaenda kulala hospitali. Sasa unataka kuacha hata eda? Mjane wa wapi anayepanda baiskeli kesho ya mazishi? Hutoki! Sindano moja ni nini?"

Shangazi zake wakaketi mlangoni. Nilikuwa sina nguvu ya kubishana. Niseme ukweli: nilikuwa nimeshakubali. Nikajilaza pale sakafuni nikasema moyoni, na kije tu, kinikute nimelala.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya zizi. Nikasikia wanaume wanasoma dua, kisha nikasikia kelele. Shangazi mmoja akachungulia, akapiga kelele, "Mtumee! Mnyiramba ameingia kaburini!"

Nikachungulia na mimi. Mkumbo alikuwa amelala chali ndani ya kaburi, mikono kifuani. Watani kwenye msiba ndivyo walivyo, hulala kaburini au huziba njia mpaka wapewe haki yao, kuku au mbuzi, na hakuna mwenye ruhusa ya kuwatoa kwa nguvu. Shehe alikasirika. "Toka, wewe! Jua linazama!"

"Sitoki," ilisema sauti kutoka chini. "Huku kuzuri, mnafukia lini? Wanyaturu hata kuzika hamjui!"

"Unataka nini? Mpeni mbuzi atoke."

"Mbuzi wenu wana upele. Nataka mjane."

Watu wakaguna. Wengine, Mungu awasamehe, wakacheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nataka mjane kesho, kutwa moja tu. Nimbebe kwa baiskeli mpaka hospitali, achomwe, nimrudishe. Mkininyima nizikeni na mtu wenu. Mara ya kwanza nilisema, mkacheka. Haya, chekeni na leo!"

Wazee wakamtazama mama mkwe. Alitembea mpaka ukingoni mwa kaburi, Amina mgongoni, akamtazama Mkumbo kwa muda mrefu. Nilidhani atamtemea mate.

"Wewe mla mbwa," akasema, machozi yanamdondokea mle ndani. "Toka kwenye kitanda cha mwanangu. Mchukue. Usiponirudishia, ng'ombe hurithi."

Mkumbo akatoka, amejaa udongo, akamshika Ntandu miguu wakamshusha pamoja.

Asubuhi nilichomwa sindano ya kumi na nne. Tulirudi mchana, mama mkwe akamfungua Amina mgongoni akanipakatisha. Mtoto alipeleka mdomo kifuani kwangu, akavuta, akavuta. Hamkuwa na kitu tena. Akalala hivyo hivyo, na mimi nikakaa eda yangu mpaka mvua zikaanza, nikiguswa na upepo kila siku na kungoja koo likatae. Halikukataa. Nilikunywa maji mpaka watu wakanishangaa.

Siku hizi sindano hawachomi tumboni, na ni chache. Dawa ya kukiua kikishafika kichwani nimemuuliza kila daktari niliyekutana naye, na kila mmoja amenijibu kwamba bado wanatafuta. Amina ana wajukuu. Mkumbo tulimzika huko kwao miaka mingi iliyopita, na nilimtukana kaburini kama inavyotakiwa, sikumwonea huruma.

Nimebaki na desturi moja, na kijijini wananijua nayo. Nikisikia mtu ameng'atwa na mbwa naenda kwao. Simwelezi habari za chembe wala mishipa ya fahamu. Hata akiwa kijana ambaye ningeweza kumzaa baba yake, nainama mpaka mikono inagusa magoti, namwamkia shikamoo, na mama zake wanapiga ukelele wanatafuta baiskeli.

Sasa wewe. Kama uling'atwa, na nilikuambia mwanzoni kabisa uweke karatasi chini, na bado umekaa hapo unasoma.

Shikamoo. Vaa viatu, twende.